Rupia Iliyotobolewa

Shangazi alipofungua lile kopo la maziwa ya unga mbele yetu, wiki mbili baada ya matanga ya baba kuisha, hakuna aliyetarajia ugomvi. Kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba, kilishajulikana ni cha nani: kwetu Uchaggani kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, na hilo halina mjadala. Lakini kopo halikuwa kwenye wosia wala kwenye mila. Ndani yake tulihesabu sarafu 143, na juu kabisa, imefungwa kwenye kitambaa, rupia moja, sarafu ya fedha ya enzi za utawala wa Mjerumani, yenye tundu la msumari.

Kaka yetu wa Dar akasema ziuzwe, tugawane. Shangazi akasema haitoki hata senti moja. Nikateuliwa mimi kuwa mwamuzi, kwa sababu tu naishi hapa Moshi na ningeweza kushuka mjini kuuliza bei.

Niseme mapema: hoja ya kaka ina nguvu kuliko tulivyotaka kukiri pale sebuleni. Kopo lilikaa juu ya kabati miaka zaidi ya 20. Baba aliongeza sarafu kila serikali ilipotoa mpya, ya mwisho ikiwa ile jero (shilingi 500) ya mwaka 2014 yenye nyati, kisha akafunika. Wajukuu hawakuwahi kuonyeshwa. Kaka aliuliza swali ambalo hakuna aliyelijibu: kumbukumbu gani hii isiyokumbukwa na mtu? Tena pesa hufa. Mwaka 2025 Benki Kuu ilitoa miezi mitatu, Januari hadi tarehe 5 Aprili, watu wabadilishe noti za zamani za matoleo ya 1985 hadi 2003. Baba alikuwa na kadhaa ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Tulizikuta Juni.

Halafu kuna jambo ambalo kaka hakulisema ila mimi nimelifikiria sana. Kihamba hakiuzwi hata bei ikiwa nzuri kwa sababu makaburi yapo pale, na kila mtu mlimani analielewa hilo bila kuelezwa. Sarafu ni kinyume chake. Ilitengenezwa itoke mkononi. Anayeifungia koponi ameinyima kazi yake, kwa hiyo kuifananisha na ardhi ya ukoo, kama alivyofanya shangazi, ni kuipa heshima isiyokuwa yake.

Basi nikashuka na kopo hadi kwa sonara mmoja karibu na soko kuu. Huko ndiko nilikojua kwamba hata upande wa bei wengi wetu tunajidanganya.

Kosa la kwanza ni umri. Kopo letu lilikuwa na riali moja kubwa ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyoandikwa 1780, na shangazi aliamini hiyo ndiyo itakayotujengea nyumba. Lakini riali hizo zimeendelea kugongwa kwa mwaka uleule wa 1780 kwa zaidi ya karne mbili, kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na pwani yetu walikataa sura nyingine. Mwaka ulioandikwa hauelezi umri wake. Kinachoibeba ni uzito: gramu 28, na zaidi ya asilimia 80 ni madini halisi ya fedha.

Kosa la pili ni kudhani kilichopotea mtaani kimekuwa adimu. Shilingi ya 1966 yenye kichwa cha Mwalimu na mwenge wa Uhuru, senti 20 ya mbuni, dala (shilingi tano) ya pembe 10 ambayo inasemekana ndiyo iliyoyapa daladala jina lao: ziligongwa kwa mamilioni, na mamilioni bado yako kwenye makopo kama letu. Mtalii anayeteremka Kilimanjaro atakupa chochote apate cha kukumbukia safari. Mkusanyaji hatainua kichwa. Hata hela za Mjerumani, zile senti nyekundu zilizoanza mwaka 1904 na kuiachia lugha yetu neno tunalolitumia kila siku, ni nyingi mno kuwa utajiri.

Shilingi za simba za enzi ya King George nazo, zile za kabla ya mwaka 1948, zina robo tu ya fedha. Ukiiyeyusha moja hupati gramu mbili. Rupia moja ina zaidi ya gramu 10. Tofauti hiyo haionekani kwa macho, na ndipo wajanja wanapokula.

Kuna sarafu moja ambayo kila mtu anayeota utajiri wa rupia anaiota bila kujua: dhahabu ya rupia 15 iliyogongwa Tabora mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Ina tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Ziligongwa kama 16,000 tu, na wakusanyaji wa Ulaya wanazigombania. Za bandia nazo zimejaa. Sisi hatukuwa nayo, kama mnavyokisia. (Na kwa ile habari ya mtaani kwamba rupia ya kweli huvuta mchele: weka mchele wako jikoni, uupike.)

Sasa rupia yetu. Sonara aliipima, akaiangalia kwa kioo, akasema 20,000. Nikamwambia hiyo ni chini ya bei ya fedha iliyomo. Akacheka, hakukataa. Akaniambia nzima ingekuwa habari nyingine, lakini hii imetobolewa, imesuguliwa kwa jivu na limau mpaka sura ya Kaisari imebaki kivuli. Mkusanyaji anataka sarafu yenye rangi yake ya uzee, haijaguswa. Hata tundu lina tabaka zake: senti 10 za kikoloni zilitoka kiwandani na tundu katikati na bei yake haiumii, ila tundu la msumari ni kidonda.

Nilirudi nyumbani na jambo moja kichwani, na nadhani hapo ndipo pande zote mbili zinapokosea kwa kudhani zinazungumzia kitu kimoja. Kila kilichoishusha bei ile rupia ndicho kilichoifanya iwe ya bibi yetu. Tundu lile alilitoboa baba yake ili aivae shingoni. Jivu lile ni la jikoni kwake, kila mkesha wa Krismasi. Uso uliofutika umefutwa na kidole gumba chake akiwa anawaza ada za watoto. Rupia ambayo mkusanyaji angeilipia vizuri ni ile ambayo hakuna mtu aliyewahi kuihitaji. Kwa hiyo kumtaka mnunuzi alipie bibi ni kumwonea, na kumwambia shangazi kwamba mali yake ni 20,000 ni kumwonea zaidi.

Ila upande wa moyo nao una udhaifu wake, na huu sikuutegemea. Hadithi ya ukoo ni kwamba baba yake bibi alipata rupia hiyo kama mshahara wa kwanza, akijenga reli kutoka Tanga. Shangazi huisimulia na majina ya wenzake waliokufa njiani. Reli hiyo ilifika Moshi mwaka 1911. Chini ya kioo cha sonara, rupia yetu ina herufi J ya kiwanda cha Hamburg, na mwaka: 1913.

Nimejaribu kuiokoa hadithi. Labda alibaki reli ikishakwisha, akiitengeneza. Labda mshahara wa kwanza ulikwenda kwenye kodi ya kichwa, maana kodi ndiyo iliyowafanya wazee wetu wazitafute rupia hizo, na hii ni ya baadaye. Labda ni hadithi ya rupia nyingine iliyopotea ikahamia kwenye hii. Yote yanawezekana, na hakuna hata moja linalompunguzia shangazi chochote. Lakini mimi ninayetaka kuwarithisha wajukuu hadithi badala ya chuma, sina budi kujiuliza ninarithisha nini. Angalau bei ya sonara inaweza kupimwa upya kesho kwa mizani nyingine.

Uamuzi wangu haukumfurahisha mtu. Nilisema sarafu zisizo na mtu nyuma yake, ambazo baba alizifunika tu koponi, ziuzwe: riali (hakuna anayejua iliingiaje koponi), hela, shilingi za simba, zote. Kaka alipata kidogo kuliko alivyotarajia, akanilaumu kwamba nimepunjwa. Inawezekana. Jero ya nyati niliirudisha kwenye matumizi. Nilinunulia ndizi Kiboriloni.

Rupia imebaki kwa shangazi, na uzi mpya. Nimemwandalia karatasi ya kuihifadhi nayo: jina la bibi, uzito, herufi J, mwaka. Aliisoma polepole, kidole kikifuata mistari, akafika kwenye mwaka akapita. Akaniuliza mbona sijaandika habari ya reli.

Nikamwambia, "Shangazi, hiyo utaniandikia wewe mwenyewe." Akachukua kalamu.