Asilimia mbili ya nini?

Wiki jana fundi mmoja wa nguo pale Uhuru Market, Jogoo Road, Nairobi, aliweka simu yake juu ya cherehani, pembeni ya rundo la sare za shule, akanisogezea. Ilikuwa akiba yake kwenye mfuko wa soko la fedha, yaani mfuko unaokusanya pesa za watu wengi na kuzikopesha serikali na benki kwa riba.

"Mwalimu, hebu niangalilie hapa. Ule mwaka wa maandamano hizi elfu arobaini zilikuwa zinaniletea kumi na tatu kila siku. Sasa ni saba na senti. Nani anakula?"

Nilimpa jibu la haraka. Hakuna aliyekula, Mama Kevin, riba imeshuka. Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13 Februari 2024, ikaanza kukishusha Agosti mwaka huohuo. Hati za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, ambazo katikati ya 2024 zililipa karibu asilimia 16, mwaka mmoja baadaye zilikuwa zinacheza kwenye 8. Mfuko wako wa soko la fedha unakula sahani moja na serikali, kwa hiyo serikali ikipunguziwa bei ya mkopo, nawe unapunguziwa riba. Akaitikia kwa kichwa, akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Na huyo meneja wa mfuko, yeye pia amepunguziwa?"

Nimekaa na swali hilo tangu siku hiyo, maana ndilo swali ambalo jiji hili halipendi kuuliza. Kila wiki katika makundi ya chama cha kuweka akiba huzunguka picha ya jedwali la mifuko, imepangwa kuanzia yenye riba ya juu hadi ya chini, na watu wanaisoma kama msimamo wa ligi. Safu ya ada, yaani malipo ya meneja, haimo. Anayeiulizia anaonekana kama mgeni anayeuliza bei ya chumvi kwenye harusi. Anajibiwa kwamba riba inayotangazwa tayari imetolewa ada, sasa yeye anasumbuka na nini? Kilichobaki mfukoni si ndicho muhimu?

Hoja hiyo si ya kijinga, na wanaowatetea mameneja wana mengine ya kusema. Anayetaka kununua mwenyewe hatifungani ya serikali, yaani kuikopesha kwa miaka kadhaa, kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu ulioanza 2023, anahitaji kuanzia shilingi 50,000, na akishanunua pesa yake imefungwa mpaka muda uishe au apate wa kumuuzia. Kwenye mfuko wa soko la fedha unaingia na mia tano, mingine hata mia moja, na ukiitaka pesa yako siku mbili tatu hivi iko kwenye M-Pesa. Meneja anakusanya vijisenti vya maelfu ya watu, anakwenda benki akiwa na mamilioni, na anapewa riba ya amana ambayo mimi na wewe tukisimama kwenye kaunta hatutaisikia. Pesa zenyewe hazikai kwake. Kuna mdhamini anayelinda haki za wenye akiba na kuna mtunzaji anayeshika mali, kila mmoja mbali na mwenzake, na juu yao iko Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wote hao wanalipwa. Mtu mwenye akiba ya 3,000 akikatwa asilimia 2 kwa mwaka, ametoa shilingi 60, nauli ya safari moja ya matatu. Nani mwingine atakufanyia hesabu mwaka mzima kwa nauli?

Kwa pesa ya dharura, ile ya kodi ya nyumba na ya mtoto kuugua usiku, hoja hiyo naipokea bila kinyongo. Na watu wameipokea pia. Mwishoni mwa 2020 mifuko ya uwekezaji wa pamoja nchini ilishika kama shilingi bilioni 100, na kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa karibu bilioni 390.

Tatizo langu liko kwenye lile neno dogo, asilimia. Mbili ya nini?

Turudi kwa zile elfu arobaini. Tuseme ada ya mfuko wake ni asilimia 2, ambayo ni ya kawaida kabisa hapa kwetu. Ni shilingi 800 kwa mwaka, yaani shilingi mbili na senti ishirini kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Ule mwaka wa maandamano, 2024, baada ya ada na baada ya kodi ya asilimia 15 inayokatwa kwenye riba, alibaki na 13 kwa siku. Bei za vitu zilikuwa zinapanda kwa asilimia 4 na nusu hivi kwa mwaka, kwa hiyo kama shilingi tano kati ya zile 13 zilikuwa za kuzuia elfu arobaini zisisinyae. Faida yake ya kweli ilikuwa nane. Meneja, mbili na senti.

Sasa anapata saba na senti. Bei zinapanda kwa kama asilimia 4, kwa hiyo nne na kitu zinakwenda kuziba pengo hilo. Anabaki na tatu. Meneja yuko palepale, mbili na senti ishirini, hajasogea hata hatua. Weka kodi kando, ugawanye faida ya kweli kati ya hao wawili: mwaka 2024 katika kila shilingi kumi meneja alichukua mbili, na leo anachukua nne. Hakupandisha ada. Hakuandika barua kwa wateja. Hakufanya lolote, na fungu lake limeongezeka maradufu.

Hapo ndipo jibu la "riba tayari imetolewa ada" linaponichosha. Ni kweli imetolewa. Lakini ada inahesabiwa juu ya akiba yote, si juu ya kile ambacho akiba imezaa. Mwaka wa mavuno haionekani, kama kupe kwenye ng'ombe aliyenona. Ukame ukija, ng'ombe anakonda na kupe ana ukubwa uleule.

Na huo ni mwaka mmoja tu. Chukua shilingi 100,000, uziache miaka 20 kwa asilimia 12, kodi tuisahau kwa sasa: zinakuwa kama 965,000. Zikate asilimia 2 kila mwaka, yaani zikue kwa 10, unapata kama 673,000. Pengo ni 292,000 hivi, karibu mara tatu ya pesa uliyoanza nayo. Nimewahi kuionyesha hesabu hii kwa mhasibu, naye akaenda kuirudia kwenye kompyuta yake kwa sababu hakuamini. Mifuko ya hisa na ile ya mchanganyiko mara nyingi inatoza zaidi ya 2, mingine ina ada ya mlangoni kabla pesa haijafanya kazi hata siku moja, na soko la hisa likilala, unalipa huku unapoteza. Lakini wengi wa wasomaji wangu hawako huko, wako kwenye soko la fedha, kwa hiyo siendi mbali.

Msomaji makini atanishika hapa. Kama hati za Hazina zinalipa 8, na ukitoa ada 2 inabaki 6, na ukitoa kodi inabaki kama 5, imekuwaje fundi wetu anapata karibu asilimia 7, yaani zile shilingi saba na senti kwa siku? Ametoa wapi hizo nyingine?

Naam. Mfuko wake hauko kwenye hati za siku 91 peke yake. Umo kwenye amana za benki, kwenye hatifungani za muda mrefu, na mifuko mingine imo kwenye mikopo ya muda mfupi kwa makampuni. Meneja anayebeba ada ya asilimia 2 katika soko la asilimia 8 lazima akatafute nyasi ndefu zaidi, la sivyo wiki ijayo atakuwa mkiani kwenye ile picha ya kundi la chama. Nasisitiza jambo hili kwa sababu watu huongea juu ya gharama na hatari kana kwamba ni sura mbili za kitabu. Ada kubwa inamsukuma meneja kwenye hatari, na ligi ya riba inamsukuma tena.

Wamarekani waliliona hilo mapema. Mfuko wa kwanza kabisa wa soko la fedha, Reserve Fund, ulianza kwao 1971, na kwa miaka mingi wenyewe walijivunia uangalifu. Kisha wakaanza kununua hati za mikopo ya makampuni ili riba yao ipande. Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ilipoanguka, Reserve Primary Fund ulikuwa na hati zake za dola milioni 785. Ilikuwa sehemu ndogo sana ya mfuko wenye mabilioni, lakini ilitosha: dola moja ya mteja ikawa senti 97, na pesa zikafungiwa ndani.

Hapa Nairobi hatukuhitaji Lehman. Tulikuwa na Nakumatt. Duka lililokuwa na ndovu kwenye nembo na foleni kila mwisho wa mwezi lilikuwa linakopa kwa hati za muda mfupi, na lilipozama, mwaka 2018 mfuko mmoja wa kampuni ya uwekezaji ya Amana Capital ulilazimika kusimamisha utoaji wa pesa kwa sababu ya hati hizo. Waliokuwa ndani walikuwa wanadhani wameweka pesa mahali pa kulala usingizi.

Kuna kisa kikubwa zaidi ambacho hutajwa kila mazungumzo haya yakianza, nacho huchanganywa. Cytonn High Yield Solutions, iliyoacha kulipa watu 2021 ikiwa na mabilioni ya shilingi zao, na ambayo Mahakama Kuu iliamuru ifilisiwe Januari 2023, haikuwa mfuko unaosimamiwa na Mamlaka. Ilikuwa mkataba wa faragha wa kukopesha ujenzi wa majumba. Kuitumia kuwatisha watu wasiingie kwenye mifuko yenye leseni si haki. Lakini hata huko kwenye leseni, hakuna bima. Benki ikianguka, Shirika la Bima ya Amana linakulipa hadi shilingi 500,000. Mfuko ukipata hasara, ni hasara yako.

Mimi mwenyewe nimewahi kuufuata mstari wa juu wa jedwali. Nilihama kutoka mfuko mkubwa unaochosha kwenda mmoja uliokuwa unatangaza pointi mbili zaidi. Siku nilipotaka pesa ya mazishi, ombi langu lilikaa siku kumi na moja. Nilipiga simu mpaka msichana wa mapokezi akaanza kunijua kwa sauti. Pesa ilikuja yote, sina madai, lakini ilikuja baada ya matanga.

Wanaochukia ada nao wasidhani wamekwepa kila kitu. Mwenye hatifungani ya miaka 15 akibanwa na karo Januari, atauza kwa bei ya soko, na waliolazimika kuuza riba zilipokuwa zinapanda 2023 wanajua bei hiyo ilivyowauma, maana riba mpya zikipanda hatifungani za zamani hushuka bei. Aliyekimbilia sacco kwa sababu "sacco haina ada" akumbuke yaliyofichuliwa KUSCCO, muungano wa sacco nchini, ambako mabilioni yalipotea: gharama isiyoandikwa haina maana kwamba haipo. Fundi wetu, akiwa na elfu arobaini na biashara inayotegemea msimu wa shule, hana la kufanya kwenye mnada wa Benki Kuu, ambako hatifungani huuzwa. Pesa yake iko mahali inapofaa. Hata hivyo anaweza kuulizia bei.

Na bei hiyo ingeweza kushuka. Akiba mara nne haihitaji kazi mara nne. Kununua hati ya milioni mia na ya milioni mia nne ni mnada uleule, fomu ileile. Marekani, tangu kampuni ya Vanguard ilipofungua 1976 mfuko wake wa kufuata faharasa, yaani unaonunua hisa zote za orodha fulani ya soko bila kuchagua, ukubwa umekuwa ukirudi kwa mteja kama punguzo, hadi mifuko ya aina hiyo sasa inatoza chini ya asilimia 0.1. Sisi hatuna soko la ukubwa huo na sitegemei 0.1 hapa Upper Hill, mtaa wa ofisi za fedha. Natarajia tu kwamba anayesimamia mabilioni mengi zaidi kuliko alivyosimamia 2020 ajieleze kwa nini shilingi yangu inamgharimu sawa na zamani. Na ningependa ada iandikwe kwa shilingi kwenye taarifa ya kila mwezi, pale karibu na riba, kwa herufi za ukubwa ule ule.

Tuliitafuta ya kwake, mimi na Mama Kevin, kwenye waraka wa mfuko uliokuwa umetumwa kwa barua pepe ambayo hajawahi kuifungua. Ilikuwa ukurasa wa pili, chini, chini ya picha ya familia inayocheka kando ya bahari. Nilimfanyia hesabu ya siku. Akachukua chaki ya kupimia kitambaa, akaandika 2.20 kwenye ukingo wa meza, akaitazama kidogo.

"Sawa," akasema. "Hiyo suruali yako njoo Alhamisi. Na uje na mia tatu, zipu imepanda."