Bima ya nyumba ya kupangisha: unafuu uko kwenye kiasi, si kwenye ada

Mwenye nyumba ya vyumba sita Tabata au Mbagala ana hoja yake anapokataa bima, na hoja hiyo inastahili kusikilizwa. Nyumba ameijenga kidogo kidogo kwa miaka, haijawahi kuungua, na kila mwaka wakala anamtaka atoe karibu laki tatu kwa jambo ambalo huenda lisitokee kabisa. Hela hiyo angepakia rangi, angebadilishia bati zilizooza, au angeiweka benki ikae. Wauza bima wengi humjibu kwa kumtisha na picha za nyumba zilizoteketea, wakati anachohitaji ni kupigiwa hesabu.

Tuseme kujenga upya nyumba hiyo kunagharimu shilingi 120,000,000, na kampuni inatoza asilimia 0.2. Viwango hutofautiana kwa kampuni, aina ya ujenzi na matumizi ya nyumba, kwa hiyo tukichukue hiki kama mfano tu. Ada ni 240,000. Ukiweka VAT ya asilimia 18 inafika 283,200 kwa mwaka. Kama kila chumba kinalipa 80,000, kodi ya mwezi ni 480,000, yaani bima inakula kodi ya siku kama 18. Anayechagua kuweka akiba badala ya bima, baada ya miaka 20 atakuwa na 5,664,000 bila kuhesabu faida ya benki. Kiasi hicho hakitoshi hata kuezeka upya vyumba sita kwa mbao na bati za leo. Na moto haungoji akiba ijae. Unaweza kuja mwaka wa pili, kibubu kikiwa na laki tano na sitini.

Hata hivyo, kuna wenye nyumba ambao akiba inawafaa. Mtu mwenye nyumba nane zilizotawanyika, mbili Mwanza, tatu Dodoma na zilizobaki Dar es Salaam, hawezi kuzipoteza zote kwa siku moja, na kodi ya saba inaweza kuijenga ya nane. Huyo anaweza kubeba hasara ndogo mwenyewe: bomba kupasuka, dari ya jipsamu kulowa, upepo kung'oa bati tatu. Aidai kampuni kwa balaa kubwa peke yake. Mwenye nyumba moja, ambaye kodi yake ndiyo inayomlipia ada za watoto na dawa za mama, hana pa kuegemea. Ajabu ni kwamba mwenye nyumba nane ndiye hukutwa na bima, mara nyingi kwa sababu benki iliyomkopesha ilimlazimisha, na mwenye nyumba moja hana.

Anayeamua kukata bima huanza kwa kuuliza ada ni shilingi ngapi. Swali hilo lingengoja. La kwanza ni hili: nyumba inaandikwa kwa kiasi gani? Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, kwa njia mbili zinazopingana.

Njia ya kwanza ni kuandika bei ya kuuzia. Nyumba ya Sinza inayoweza kuuzwa 250,000,000 huenda jengo lake likajengwa upya kwa 90,000,000; zilizobaki ni thamani ya kiwanja na eneo. Kiwanja hakiungui. Anayeandika bei ya soko analipia 160,000,000 za ziada ambazo kampuni haitazilipa kamwe, kwa sababu bima hufidia hasara iliyotokea na si zaidi. Kwa kiwango cha mfano wetu hizo ni shilingi 377,600 kila mwaka, pamoja na VAT, zinazokwenda bure.

Njia ya pili ndiyo inayoumiza zaidi. Mtu anaandika 60,000,000 kwa nyumba ya 120,000,000 ili ada ipungue nusu, akiamini kwamba hasara ndogo italipwa yote maadamu haizidi milioni 60. Sivyo. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kanuni ya uwiano: ukiandika nusu ya thamani, unahesabiwa kuwa umejibebea nusu nyingine mwenyewe. Moto wa jikoni ukiharibu paa na kuta mbili kwa hasara ya 30,000,000, kampuni italipa 15,000,000, kisha itakata ekses, kile kiasi cha kwanza ambacho mteja hubeba mwenyewe. Ekses ikiwa asilimia 10 ya fidia, mkononi zinafika 13,500,000. Mwenye nyumba ataona kadhulumiwa, na wakala aliyemshauri aandike kidogo ili auze haraka hatakuwepo siku hiyo.

Kiasi sahihi hupatikana kwa kupima. Nyumba ya mita za mraba 130, fundi au mkadiriaji majenzi akikwambia kila mita inajengwa kwa 850,000, ni 110,500,000. Ongeza uzio, choo cha nje, karo la maji taka na gharama ya kuondoa kifusi, tuseme 9,500,000, na ndiyo ile 120,000,000. Kifusi ndicho wengi hukisahau, na ni malori. Hesabu hiyo irudiwe kila mwaka kabla ya kuhuisha bima, maana nondo na saruji hazikai bei moja. Mwenye mkopo aangalie jambo jingine: kuna bima za benki zinazoandikwa kwa kiasi cha mkopo tu. Mkopo wa milioni 40 kwenye jengo la milioni 120 ukikatiwa bima ya milioni 40, kanuni ya uwiano inamsubiri mlangoni.

Baada ya kiasi, tazama majanga yenyewe. Bima ya moto ya kawaida hubeba moto, radi na mlipuko wa gesi ya nyumbani. Mafuriko, dhoruba, tetemeko, fujo, bomba kupasuka na gari kugonga ukuta huongezwa kwa maandishi na kwa ada yake. Wanaobana matumizi hukataa nyongeza zote, na wauzaji hupenda kuzibebesha zote. Jibu linategemea nyumba iko wapi. Bukoba, tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilibomoa nyumba za watu wasiowahi kufikiri kwamba ardhi ya kwao hutikisika. Huko nyongeza hiyo ina maana. Mafia, Kilwa na Lindi ambako kimbunga Hidaya kilipita Mei 2024, dhoruba isiachwe. Nyumba iliyo mwinuko wa Kimara haina haja ya kulipia mafuriko kwa bei ya bondeni. Na kwa bonde la Msimbazi, kuanzia Jangwani hadi Kigogo, tuseme ukweli: kampuni ama itakataa mafuriko, ama itatoza ada kubwa yenye ekses kubwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 serikali iliwapa baadhi ya waathirika viwanja Mabwepande, mbali na bonde. Nyumba inayoingiwa na maji kila masika, bima si dawa yake.

Kuna nyongeza moja ambayo mwenye nyumba wa Tanzania asiikose, nayo ni bima ya kodi, yaani ya pango unalolikosa nyumba ikiharibika. Kwetu mpangaji hulipa miezi sita mbele. Nyumba ikiungua mwezi wa pili, wapangaji sita wanasimama uani na mabegi yao wakidai miezi minne iliyobaki: 1,920,000, hela ambayo mwenye nyumba ameshaitumia. Bima ya kodi kwa miezi sita ni kuandikisha 2,880,000 zaidi. Kwa kiwango cha asilimia 0.2 ni shilingi 5,760 kabla ya VAT. Hakuna sehemu ya mkataba inayorudisha kikubwa kwa kidogo kiasi hicho. Uliza tu kama muda wake unatosha kujenga, maana nyumba iliyoteketea yote haisimami ndani ya miezi mitatu.

Sababu mojawapo ya madai kukataliwa ni matumizi kubadilika. Nyumba imeandikwa makazi, mwaka wa pili chumba cha mbele kinatobolewa mlango na kuwa fremu. Anaingia muuza chipsi na karai la mafuta, au muuza mitungi ya gesi, au fundi wa kuchomelea. Hatari imeongezeka na kampuni haijaambiwa, hivyo ina haki ya kuhoji mkataba wote. Barua ya nusu ukurasa inayopokelewa na kugongwa muhuri hulinda zaidi ya ada kubwa. Ndivyo ilivyo pia kwa nyumba kukaa tupu: mikataba mingi hupunguza au kusimamisha kinga nyumba isipokaliwa zaidi ya siku 30, na nyumba za kupanga hukaa tupu mara kwa mara. Mwenye fremu ajue pia kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliingiza majengo ya biashara na masoko ya umma kwenye bima za lazima, mwaka mmoja tu baada ya soko la Kariakoo kuungua tarehe 10 Julai 2021.

Mchwa, uchakavu, ufa wa msingi mbovu, na mpangaji aliyevunja sinki kwa makusudi, kwa kawaida havimo. Vyombo vya mpangaji navyo havimo kwenye bima ya jengo. Hilo liandikwe kwenye mkataba wa pango ili asije kumdai mwenye nyumba godoro na televisheni.

Ada inaweza kushuka bila kupunguza kinga. Kukubali ekses kubwa zaidi kunaishusha, na kwa mwenye akiba ya milioni moja au mbili ni uamuzi mzuri. Kuweka nyumba mbili au tatu kwenye mkataba mmoja kunampa nguvu ya kujadiliana. Kinachosaidia zaidi ni umeme. Fungua boksi la sakiti breka utazame: waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, soketi zinataka 2.5, na jiko la umeme linataka 6 na laini yake peke yake. Nyumba nyingi za kupanga zilifungwa waya za taa na soketi mbili, kisha kila mpangaji akaja na friji, pasi na hita ya maji. Waya unachemka ndani ya dari, ganda linalainika, na kama imefungwa breka kubwa kuliko uwezo wa waya ili "isikate kate", hakuna kinachozuia moto. Ripoti ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, pamoja na picha, ni hoja unayoweza kuiweka mezani unapoomba punguzo. Kampuni isipopunguza, nyumba imepona.

Bei tatu ziombwe, kwa fomu moja yenye kiasi kilekile, majanga yaleyale na ekses ileile. Vinginevyo unalinganisha embe na nazi. Dalali wa bima anakutafutia kwa kampuni kadhaa, wakala anabeba bidhaa za kampuni anazoziwakilisha, na benki nazo zinauza kama mawakala. Anayekwepa bima ya kawaida kwa sababu ya dini, takaful, yaani bima ya Kiislamu, ipo sokoni, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, iliitolea mwongozo 2022. Lipa kwenye akaunti ya kampuni au kwa namba ya malipo, usimpe mtu fedha mkononi, kisha hakiki kavanoti yako, ile hati inayoonyesha kuwa una bima, kwenye mfumo wa TIRA mtandaoni siku hiyohiyo. Ada isipofika kampuni, huna bima, hata kama una karatasi.

Na moto ukitokea: piga 114 ya Zimamoto kwanza, kisha iarifu kampuni siku ileile kwa maandishi, ripoti ya polisi na ya Zimamoto, picha kabla ya kugusa chochote. Kufunika paa kwa turubai mvua isiharibu zaidi unaruhusiwa, na unatakiwa ufanye. Kuanza kujenga kabla mtathmini hajafika usifanye. Kampuni ikipunguza fidia, omba hesabu yake kwa maandishi, mstari kwa mstari, na msipoelewana yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Atakachokiomba kwanza ni mkataba wenyewe, kwa hiyo nakala yake isikae ndani ya nyumba iliyokatiwa bima.