Kedarnath: dakika 36 za kumfikia Shiva

Machi 2025 baraza la mawaziri la India lilipitisha mradi wa magari ya nyaya wa kilomita 12.9, kutoka Sonprayag hadi Kedarnath, hekalu la Shiva, mungu wa Wahindu, mita 3,583 juu ya usawa wa bahari huko Himalaya. Safari ya saa nane au tisa kwa miguu, kwa baghala au kwa machela itakuwa ya dakika 36. Anayehoji mradi huu huambiwa upesi kwamba anawabania wazee wasimfikie Mungu wao.

Hoja ya wazee ina uzito. Ajuza ambaye magoti yamemwisha ana haki ya kuhiji kama kijana. Baghala wanateseka njiani kwa kupakizwa kupita kiasi. Helikopta nazo ni za hatari: Juni 2025 moja ilianguka karibu na Gaurikund, mji ulio njiani kwenda hekaluni, wakafa wote saba waliokuwamo.

Lakini kisikilizwe kisa chenyewe, jinsi Wahindu wanavyosimulia asili ya hekalu hili. Pandava, ndugu watano mashujaa wa utenzi wa Mahabharata, wametoka vita vya Kurukshetra wakiwa na damu ya jamaa zao mikononi. Wanamtafuta Shiva awasamehe, naye hataki kuonana nao. Wanamfuata mji mtakatifu wa Kashi (Varanasi), hawamkuti. Anajificha Guptkashi, huko milimani, anajigeuza fahali. Bhima, mmoja wa ndugu hao, anapomkamata, fahali anazama ardhini; nundu inabaki Kedarnath, na mikono, uso, kitovu na nywele vinachomoza mahali pengine pane, ambapo leo pana mahekalu. Toba ya Pandava ilikuwa kule kuhangaika kumtafuta. Hata sasa, hekalu linapofungwa kwa majira ya baridi, sanamu ya Shiva huteremshwa kwa machela mabegani mwa watu hadi mji wa Ukhimath ulio chini zaidi. Basi anayeitetea njia ya miguu anazungumza kutoka ndani ya imani hiyo hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni hesabu. Mradi umepangwa kubeba abiria 1,800 kwa saa kila upande, na 18,000 kwa siku. Msimu wa hija ni kama miezi sita. Zidisha: ni zaidi ya watu milioni tatu, na 2024 walipofika kama milioni 1.6 njia ilikuwa tayari imeelemewa. Hapo hujawahesabu watakaoendelea kupanda kwa miguu. Watalala wapi, watajisaidia wapi, katika bonde jembamba chini ya barafu? Ni bonde hilo hilo ambalo Juni 2013 ziwa la Chorabari lilipasuka juu yake, mji ukasombwa. Jabali kubwa lilikwama nyuma ya hekalu, likayagawa maji, hekalu likasalimika. Waumini wengi wanauona muujiza, nami sitawapinga. Ila wengi waliokuwa nje ya kivuli cha jabali lile hawakupona, na jimbo zima la Uttarakhand, lenye hekalu hili, lilipoteza maelfu ya watu.

Wapo pia wenye baghala na wabeba machela, ambao msimu mmoja huwalisha mwaka mzima, na magari haya yatawanyima riziki. Watanzania waliofuatilia mjadala wa magari ya nyaya Kilimanjaro mwaka 2019 walikisikia kilio hiki kwa wapagazi wao.

Ningeunga mkono magari ya wazee, wagonjwa na walemavu, yenye viti vichache. Viti 18,000 kwa siku havikukadiriwa kwa magoti ya ajuza yule. Kikomo kiandikwe kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa, maana mwekezaji akishamwaga rupia bilioni 40 atataka kila kiti kijae.