240Z haina nguvu: tuongee kabla hujaing'oa hiyo L24

Mjadala wa Datsun 240Z, gari ya michezo ya zamani ya Nissan, hauishi. Mtu anapata gari ya 1971 au 1972, bodi safi, kutu kidogo tu kwenye sakafu, anawasha injini inanguruma vizuri lakini ikishika barabara haina nguvu, inamisi, mlimani inachemsha, basi ushauri unaanza kumiminika siku hiyohiyo. Wengine wanamwambia ng'oa hiyo L24, yaani injini yake ya asili, tupa huko, weka RB ya Nissan, weka 2JZ ya Toyota, uendeshe gari kama watu. Wengine wanamwambia usiguse hata bolti moja, hiyo ni historia. Mimi pande zote mbili nazielewa na zote zina hoja za kweli, ila naona zote zinaruka hatua moja kubwa, nayo ni kujua kwanza injini inaumwa nini.

Kwa sisi wa Afrika Mashariki hii sio gari ya kwenye picha tu. 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally na 240Z, 1972 Ford Escort ya Hannu Mikkola ikaingia kati, halafu 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakairudisha 240Z juu, na mwaka ule Mehta alimaliza pointi sawasawa na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi waangalie nani alienda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Matope, vumbi, mawe, mito, na kilichokuwa mbele ni hiyohiyo L24 ambayo leo mtu anaiita dhaifu. Sawa, gari za kiwanda zilizokuja Safari hazikuwa za dukani, zilitengenezwa kwa kazi ile, lakini mzizi ni uleule.

L24 yenyewe ni silinda sita kwa mstari, cc 2,393, bloku ya chuma, silinda hedi ya aluminiamu, kamshafti moja juu inayozungushwa na cheni. Wakati mpya walisema ina farasi 151 kwa kipimo cha Kimarekani cha zamani kilichokuwa kinapima injini bila mizigo yake yote, kwahiyo ikiwa ndani ya gari ni pungufu ya hapo, lakini gari lenyewe lina uzito wa tani moja na kidogo tu. Kwa hiyo ukikuta 240Z inazidiwa mlimani na daladala ujue hapo kuna ugonjwa, sio kwamba ndivyo ilivyoumbwa. Na hapa ndipo naanza kutofautiana na watu wa kuswapu, yaani kuweka injini ya gari nyingine, maana wengi wao hawajawahi kuendesha L24 iliyo nzima, wanalinganisha injini mpya na mgonjwa.

Sasa ugonjwa unatafutwaje? Kabla ya kugusa kabureta pima kompresheni, yaani kila silinda inakandamiza hewa kwa nguvu kiasi gani, tafadhali, naomba sana. Injini iwe ya moto, toa plagi zote sita, kata umeme wa koili, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho ndo upige stata. Namba yenyewe sio kitu kikubwa sana kama tofauti kati ya silinda na silinda. Moja ikiwa chini sana weka kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu haikai au gasketi. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja basi gasketi ya silinda hedi imekatika katikati yao, na kama gari imewahi kuchemsha huko nyuma hilo ni jambo la kutarajia kabisa, aluminiamu ikipata joto kali inapinda. Kipimo hiki ni cha dakika chache na ndicho kinachoamua kama una injini ya kuseti au injini ya kufungua, lakini utashangaa watu wangapi wananunua injini nyingine bila kukifanya.

Kompresheni ikiwa sawa, angalia tapeti, yaani ile nafasi ndogo inayoachwa kwa ajili ya valvu. L24 haijiseti yenyewe, inatakiwa gepu ya 0.20 mm kwenye intake na 0.25 mm kwenye ekzosi injini ikiwa ya baridi. Ukiwa umefungua kava hapo juu tazama kamshafti vizuri, kuna kibomba chembamba kinachonyunyizia oili juu ya kamu (nundu za kamshafti), kikiziba au kikilegea kwenye maungio kamu zinalika na hutasikia chochote zaidi ya kelele kidogo na gari kupoteza nguvu taratibu. Cheni ya taiming nayo ikirefuka kamshafti inachelewa, na waliotengeneza walilifikiria hilo, sproketi ya juu ina matundu matatu ya kuchagua ili urudishe taiming bila kubadili cheni. Fundi asiyeijua hii atakwambia injini imechoka.

Halafu moto, yaani cheche. Pointi za distribyuta, zile zinazofunguka na kufunga ili cheche itoke, zinatakiwa ziwe na gepu kati ya 0.45 na 0.55 mm, na hata zikiwa sawa shafti ya distribyuta ikiwa inacheza gepu inabadilika kila mzunguko, cheche zinakuja ovyoovyo, gari inamisi ukikanyaga. Watu wanabadili plagi mara tatu, waya mara mbili, shafti haijashikwa hata na mkono kuona kama inayumba.

Kabureta nimeziacha mwisho makusudi kwasababu ndizo zinazolaumiwa mwanzo. 240Z ina Hitachi mbili za mtindo wa SU (kabureta yenye pistoni ndani), ya mbele inalisha silinda 1 mpaka 3, ya nyuma 4 mpaka 6, kwahiyo toa plagi uzipange kwa mpangilio wake halafu uzisome. Tatu za mbele nyeusi na masizi, tatu za nyuma kahawia safi? Basi tatizo ni kabureta ya mbele, huna haja ya kuanza kukisia. Moja tu nyeusi kati ya sita? Hiyo sio kabureta, rudi kwenye cheche na valvu. Na ile shafti ya throtoli inayopita ndani ya kabureta, baada ya miaka hamsini imekula matundu yake, inavuta hewa ya pembeni. Injini ikiwa sailensa (inawaka bila kukanyagwa mafuta) puliza dawa ya kusafishia kabureta kidogo pembeni ya shafti, huku ukiwa mbali na cheche na ekzosi ya moto, rpm zikibadilika umekamata mwizi. Kabureta ya namna hii haisetiki hata uite fundi gani, kila ukisawazisha leo kesho imerudi. Inahitaji bushi mpya (vipete vinavyoshika shafti), na kazi ya bushi ni ndogo mno ukilinganisha na kutafuta injini.

Kuna jambo la kwetu hapa ambalo wale wa vitabu vya Ulaya hawalisemi sana. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa Mombasa ikifika Nairobi inakuwa inameza mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, plagi zinaota masizi, nguvu inapungua. Ukiiseti vizuri Nairobi kisha ukashuka pwani na joto lile mchanganyiko unakuwa mkavu (petroli kidogo kwa hewa iliyopo), injini inapata joto na inaweza kugonga, yaani petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Kabureta za aina hii zinajirekebisha kiasi, pistoni yake inapanda na kushuka kwa hewa inayopita, lakini hazimalizi tofauti yote. Kwa mtu anayepanda na kushuka barabara ile kila mara hii ni hoja nzito ya injekta, naikubali bila kinyongo, kompyuta inapima hewa na kurekebisha yenyewe.

Ndo tufike kwenye ubishi wenyewe. Upande wa wanaotaka gari ibaki ilivyo hoja ya kwanza ni pesa, na sio ndogo, Januari 2020 huko Marekani 240Z moja ambayo haijaguswa iliuzwa mnadani dola 310,000. Hiyo ni gari ya kipekee, usije ukadhani yako itafika huko, ila inaonyesha soko linathamini nini. Nissan yenyewe miaka ya 1990 mwishoni ilinunua 240Z za zamani hukohuko Marekani ikazikarabati ikaziuza upya. Hoja ya pili naiona nzito kuliko pesa, yaani L24 haitengenezwi tena, kila moja inayotupwa nyuma ya gereji imeisha.

Lakini upande huu nao wanapitiliza. Uhalisia wa kiwanda sio lazima uwe ubora. Chukua 240Z za mwaka 1973 zilizouzwa Marekani, zilipewa kabureta nyingine za kichwa bapa kwasababu ya sheria za moshi, kukiwa na joto petroli inageuka mvuke kabla ya kufika, gari inakataa kuwaka, na wenyewe wa wakati ule walizing'oa wakarudisha zile za mviringo za 1972. Mtu anayesema kila kilichotoka kiwandani ni kitakatifu atetee na hizo basi.

Tena Nissan haikubaki kwenye 2.4. 1974 ikaja 260Z yenye 2.6, 1975 ikaja 280Z yenye L28 ya cc 2,753 na injekta za mfumo wa Bosch. Bodi ni ya ukoo uleule. Kwahiyo mtu anayeweka L28 kwenye 240Z amefanya kile kiwanda kilifanya, injini inakaa kwenye maunti zilezile, gia boksi ileile, boneti inafungika, na mvuto wa chini unaongezeka waziwazi kwasababu stroku (mwendo wa pistoni) imetoka 73.7 mm mpaka 79. Mimi kwa maoni yangu hii ndo apgredi yenye akili kuliko zote kwa mtu ambaye L24 yake kweli imekufa, au anataka kuihifadhi. Wanaotaka zaidi wanachukua krankishafti ya dizeli LD28 yenye stroku ya 83 mm, na pistoni za 89 mm, wanapata karibu lita 3.1. Inawezekana na inapendeza, ila ukikandamiza kompresheni mpaka karibu 10 kwa 1 uwe na uhakika na petroli unayoweka, injini ikigonga kwenye mwendo mrefu pistoni haikusubiri.

Apgredi ndogo ambayo hata mtu wa asilia asiogope ni moto wa elektroniki. Distribyuta ya 280ZX pamoja na kitako chake inaingia, pointi zinaondoka, na kesho ukitaka unarudisha ya zamani bila alama. Fundi wa umeme awe makini tu na rezista ya koili, na rev kaunta ya 240Z inasoma mkondo unaopita kwenda kwenye koili, ukikata ule waya kiholela mshale unalala.

Kwenye swapu sasa. RB26 ina turbo mbili na farasi 280 kwa maandishi ya kiwanda, 2JZ ya turbo kila mtu anaijua, na kwetu 1JZ na 2JZ za kawaida zisizo na turbo zinapatikana kwenye Mark II na Crown zilizochinjwa, spea zipo, mafundi wanazijua usiku na mchana. Hiyo ni hoja ya kweli na siidharau hata kidogo, mtu anaishi Arusha au Nakuru, kuagiza bushi za kabureta kutoka nje ni kusubiri, wakati sensa ya 1JZ anaipata mchana huohuo. Gari inayotembea ni bora kuliko gari iliyofunikwa turubai ikisubiri spea.

Ila hesabu ya swapu inayosemwa kijiweni huwa ni bei ya injini tu. Haimo maunti, haimo propela shafti, rejeta, waya zote, pampu ya mafuta ya presha kubwa na laini ya kurudisha mafuta kwenye tanki, ekzosi, halafu difu. Ukifika kwenye brek ndo pagumu zaidi, 240Z ina diski mbele na dramu nyuma, zilitoshea farasi zake, sasa wewe umeweka mara mbili yake unashuka mteremko na brek za 1971. Bodi nayo ni nyepesi na ina umri, pale reli za chini zinapoanza kuoza nguvu ya turbo inazimaliza. Nimeona zaidi ya gari moja injini imeshaingia, pesa imeishia kwenye waya, gari haijawahi kutoka gereji, na L24 iliyotolewa ilikuwa na gasketi iliyokatika tu.

Kwahiyo msimamo wangu, na anayepinga aje na kipimo cha kompresheni mkononi: bloku ikiwa imepasuka, au krankishafti imelika mpaka haichongeki tena, weka L28, ikikosekana hiyo weka JZ bila aibu na uanze na brek. Kama bloku ni nzima fungua, seti, weka bushi, weka moto wa elektroniki, endesha miezi sita ndo uamue. Na ukiamua kuitoa, usikate maunti za zamani, jaza oili kwenye silinda, ziba matundu yote, namba ya injini ipige picha uiweke na kadi ya gari, L24 ikae kwenye stendi mahali pakavu, maana atakayenunua gari hiyo siku za mbele swali lake la kwanza litakuwa injini yake iko wapi.