Sabufa ya Kinyozi

Ofisi yenyewe iko Tanga mjini, jina nalibana. Malalamiko yao yalikuwa yale yale ya kila ofisi: "Mtandao unakatika." Ukiuliza unakatika saa ngapi, jibu ni "muda wote." Ukiuliza muda wote ni lini hasa, wanakasirika.

Nikawafungia Zabbix kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala stoo. Zabbix kazi yake ni umbea wa halali. Inapita kugonga kwa kila swichi (kile kisanduku cha kugawa mtandao), kila printa, kila seva, inauliza "upo?", inaandika jibu na saa yake, halafu inachora grafu. Nikaiacha ichore, nikaenda zangu kwenye kazi nyingine.

Niliporudi, grafu ya swichi ya kaunta ilinishangaza kwa nidhamu yake. Saa mbili na nusu asubuhi wekundu unaanza, maana yake pakiti, yaani vifurushi vya data, zinapotea njiani. Saa sita na nusu mchana, kijani kitupu, hakuna hata pakiti moja iliyopotea. Saa saba na nusu, wekundu umerudi. Saa kumi, kijani hadi kesho yake asubuhi. Na Ijumaa kile kijani cha mchana kilikuwa kirefu zaidi.

Mlinzi, mzee mmoja wa Pangani, alikuwa anachungulia kupitia begani kwangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Huo mtandao unaswali."

"Vipi mzee?"

"Hebu tazama saa zake. Adhuhuri hiyo. Na Ijumaa unakwenda msikiti wa mbali."

Nilicheka, lakini ukweli ni kwamba yeye alikuwa na maelezo na mimi sikuwa nayo. Nilifungua Wireshark, programu ya kuchungulia data inayopita kwenye mtandao, nayo ikanijazia skrini mistari myeusi yenye maandishi mekundu, ndiyo rangi yake ya kukwambia kwamba data imetumwa, haikufika, ikabidi itumwe tena. Sawa, lakini hilo hata karani wa kaunta alikuwa analijua. Traceroute nayo, ile ya kuonyesha njia inayopitiwa na data, ndani ya jengo moja ni sawa na kumuuliza mtu njia ya kutoka sebuleni kwenda jikoni. Mchana, ofisi imetulia, nikachukua kipima kebo, nikachomeka upande mmoja juu kwenye chumba cha seva na upande wa pili chini kaunta. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, moja kwa kila uzi wa ndani ya kebo, ya kwanza hadi ya nane, bila kuruka hata moja. Kebo nzima! Watu wakarudi kutoka kula, wakakaa, na taa ya swichi ikaanza kuzima na kuwaka mbele ya macho yangu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Mike Muuss. Huyu ni Mmarekani aliyeiandika ping, programu ndogo ya kuiita kompyuta nyingine na kusubiri iitike, Desemba 1983, katika maabara ya jeshi huko Maryland, na jina akalichukua kwenye mlio wa sona, ile mitambo inayotafuta vitu majini kwa mwangwi. Muuss alikuwa na kisa alichokipenda sana: fundi mmoja aliifanya kompyuta yake itamke "ping" kila jibu linaporudi, akafungua sauti hadi mwisho, akazunguka jengo zima akitikisa viungio vya kebo. Pale sauti ilipokatika, ugonjwa ulikuwa hapo hapo mkononi mwake.

Siku hizi hata huhitaji ujanja huo. Kwenye kompyuta yenye mfumo wa Linux unaandika ping, unaongeza -a, na kila jibu linakuja na mlio, moja kila sekunde. Shida ilikuwa spika ya laptopu yangu, haisikiki hata chumba cha pili. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na kinyozi mwenye sabufa ya taa za bluu na nyekundu, besi yake ukiwa umekaa unaisikia kwenye mbavu. Akaniazima kwa sharti kwamba nisiguse kitufe cha besi. Nikaiweka kaunta, nikaunganisha laptopu, nikaielekeza ruta ya juu, nikaanza kupanda ngazi.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba ofisi ile inaita wateja kwa kengele. Karani akimaliza na mmoja anabonyeza, inalia pi!, anayefuata kwenye benchi anainuka.

Pi! Akainuka bibi mmoja mwenye mkoba wa ukili.

Pi! Akainuka baba aliyekuwa nyuma yake.

Pi! Pi! Pi!

Sijafika katikati ya ngazi, benchi zima liko kaunta. Kila mtu ana haki yake, kila mtu ameshika karatasi yake, na karani wa watu ameinua mikono juu. Nikashuka mbio.

"Jamani, rudini mkae, hamjaitwa!"

"Mie nimeitwa," akasema bibi. "Nimesikia kwa masikio yangu haya."

"Bibi yangu, hiyo ni ping tu."

"Pingu? Za nani?"

Baba wa nyuma yake akarudi kwenye benchi haraka kuliko alivyokuja. Karani ndiye aliyeokoa jahazi: akawatangazia kwamba kuanzia sasa ataita kwa mdomo, na mlio huo ni wa fundi. Wakatulia, ila kijana mmoja pale mwisho wa benchi alishaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo.

Nikapanda tena. Nikatikisa kebo za chumba cha seva, pi, pi, pi, hazina neno. Nikafuata njia ya kebo ya kaunta kwenye korido, nikavuta kidogo kila ilipojitokeza, pi, pi, pi. Ilikwenda ikajificha chini ya zulia la ofisi ya mhasibu mkuu. Mlango ulikuwa wazi, mwenyewe hayupo. Nikapiga magoti pembeni ya meza. Akaingia na faili kwapani, mtu mzima, mpole, mwili umejaa vizuri.

"Karibu, kijana," akasema, akakaa kwenye kiti chake chenye vigurudumu.

Chini, kimya.

Akainuka ili anipe mkono. Kama sekunde tatu hivi, pi! Pi! Pi!

"Mzee, samahani sana. Hebu kaa tena."

Akakaa. Kimya.

"Inuka."

Pi!

"Kaa."

Kimya. Kutoka chini sauti ya kijana yule ikapaa: "Fundi, mbona umekata muziki?"

"Sasa mzee, usiinuke, sogea mbele kama unasaini." Pi, pi, pi. "Egemea nyuma." Kimya. "Mbele." Pi. "Nyuma." Mlinzi, karani na wateja wawili walikuwa wameshafika mlangoni. Mhasibu akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kijana, nimeletewa fundi wa mtandao au mwalimu wa mazoezi?"

Nikamwomba apishe, nikakunja zulia. Kigurudumu cha nyuma kilikuwa kimechimba kishimo chake, na ndani ya kishimo imelala kebo, imepondeka, ganda limepasuka, shaba inachungulia kwenye jozi ya nyuzi za rangi ya chungwa. Uzi mmoja ulikuwa umekatika kabisa, ila ncha zake mbili bado zilikuwa zinagusana pale pasipokuwa na uzito juu yake. Kwa kasi waliyokuwa wanatumia, jozi hiyo ni moja kati ya mbili zinazofanya kazi yote, kwa hiyo mhasibu akiegemea, kaunta nzima inakwenda naye. Na kipima kebo kilipowasha taa zote nane ule mchana, yeye alikuwa msikitini.

"Si nilisema," akasema mlinzi.

Kebo mpya nikaipitisha ukutani ndani ya mfereji wa plastiki, juu kabisa ambapo hakuna kiti kitakachofika. Sabufa ikarudi kwa kinyozi, salama na besi yake.

Mama meneja akataka maelezo kwa karatasi. Nikachapa grafu, nikamwekea mezani, mhasibu naye kaitwa, kakaa pembeni. Nikaeleza kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi: wekundu huu ni kiti kina mtu, kijani hiki ni kiti kitupu, ona hapa adhuhuri, ona hapa Ijumaa. Mama akafuata mistari kwa kidole, polepole, akafika Jumanne, akasimama.

"Hapa saa nane mpaka saa kumi ni kijani chote."

"Ndiyo mama."

Akamgeukia mhasibu. "Jumanne mchana si ndiyo uliniambia hutoki, unafunga hesabu za mwezi?"

Mhasibu akakohoa. Akanitazama mimi, akaitazama grafu, akamtazama mama.

"Nilizifunga nimesimama," akasema.