Mdomo Mnene Si Undugu

Nimesikia waongoza watalii wa milima yetu ya Uganda, Kapchorwa hata Kisoro, wakimwita kila ndege mdogo mla mbegu "chiriku", kisha safari inaendelea. Tunawapunja wageni, na tunajipunja zaidi sisi wenyewe.

Mdomo mnene ni kifaa cha kazi tu. Anayebangua mbegu siku nzima huwa nao, awe wa ukoo gani. Kwa hiyo chiriku hufanana mdomo na kwera, na pia na wale wadogo wadogo wenye wekundu wanaojificha vichakani, ilhali ni koo tatu mbalimbali. Tazama viota. Cha chiriku ni kikombe kilicho wazi juu. Kwera husuka kifuko kinachoning'inia. Wale wa tatu hufumba nyasi ikawa duara, mlango ubavuni.

Hata ndani ya ukoo wa chiriku kulikuwa na mchanganyiko. Miaka mingi wale wa Afrika waliwekwa pamoja na kanari wa vizimbani katika jenasi (kundi la aina za karibu) moja, Serinus. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hawatoki tawi moja, na wengi wakahamishiwa Crithagra, jina lililotolewa na mtaalamu wa ndege Mwingereza, William Swainson, tangu 1827. Mlimani Elgon jambo hili liko wazi machoni: chiriku mwenye utosi wa njano amebaki Serinus, ndugu wa kanari, na yule wa kahawia mwenye michirizi kifuani na ushi mweupe, anayekula mbegu palepale, ni Crithagra.

Linalonigusa hasa ni la chiriku wa magharibi. Dume wake wa Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, ana mkanda wa njano kwenye paji la uso, juu ya uso mweusi. Zamani alihesabiwa kuwa aina moja na yule wa Ethiopia na Kenya, Crithagra citrinelloides. Sasa orodha kubwa za ndege wa dunia zinamtambua peke yake, Crithagra frontalis, na makao yake ni nyanda za juu za kwetu na za majirani zetu. Alipokuwa amechanganywa na wengine, nani angeuliza hali yake yeye?

Kwa hiyo mafunzo ya waongozaji yafundishe uainishaji wa sasa, viota na mabawa yakiwemo, si rangi peke yake. Na wewe mwenye kitabu cha zamani kilichomwandika yule wa kahawia mwenye michirizi Serinus striolatus, chukua kalamu uandike pembeni: Crithagra striolata.