Bastola ya Kuchemsha

Mimi ni mtoto wa Tanga, Chumbageni kabisa, nimekulia kwenye nyumba ambayo misumari ya mabati ilikuwa inaoza kabla hata fundi hajamaliziwa hela yake, kwa hiyo mtu asije akaniambia eti sikujua maji ya bahari yanafanya nini kwenye chuma. Nilijua vizuri sana. Shida yangu haikuwa chumvi, shida yangu ilikuwa Mama Rahma.

Tunaishi Houston. Texas hapa tangu 2021 mtu mzima asiye na makosa anatembea na bastola bila kibali cha kubebea, na mimi, ambaye kwetu bastola niliiona kiunoni kwa askari tu, nikaingia duka la rehani nikajinunulia moja kuukuu ya silinda, nyeusi ya kung'aa, mpini wa mbao. Mama Rahma hakuipenda tangu siku ya kwanza. Anaiita "lidude".

Jumamosi nikatoka na mshkaji wangu mmoja wa Mwanza kwenda kuvua Galveston, kama kilomita 80 hivi. Mlangoni naulizwa: "Baba Rahma, lidude liko kwenye sefu?" Nikajibu limelala. Kumbe limelala kiunoni, maana mshkaji alisema kule kwenye mawe kuna nyoka.

Nyoka hatukumuona. Tulichokiona ni samaki mmoja mwekundu mwenye doa jeusi mkiani, kakamata ndoano yangu, mimi nimesimama juu ya jabali la graniti lililojaa mwani na miguuni nimevaa ndala. Ndala jamani! Mtoto wa pwani! Nikateleza nikaingia baharini mpaka kifuani, mshkaji akaruka kuokoa, akaokoa fimbo ya kuvulia.

Sasa hapo dawa ilikuwa hatua ishirini tu, kuna bomba la watu kuoshea samaki. Ningetoa risasi, ningeimwagia maji yasiyo na chumvi mpaka chumvi yote itoke, nikaifuta, nikapaka mafuta, kwisha habari. Lakini kuna wazee wa Kizungu pale wanaosha samaki na walikuwa wameniona nikianguka, nikaona aibu. Nikatoa risasi, nikaifuta kwa fulana iliyolowa hiyohiyo maji ya bahari, na kufika nyumbani nikaitia kwenye soksi nikaificha gereji nyuma ya sanduku la spana. Jumapili Mama Rahma yupo. Jumatatu yupo. Mimi nikimwona nacheka tu bila sababu, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Jumanne kaingia shifti ya usiku, kule anakohudumia wazee, nikakimbilia gereji. Aisee. Soksi yenyewe ilikuwa imegeuka rangi ya chungwa. Silinda haizunguki, kitu kimeshikana kama andazi la juzi. Nampigia mshkaji, ananiambia kwa kujiamini kabisa loweka kwenye siki. Nami nikamsikiliza! Mtu wa Mwanza, kakulia ziwani kwenye maji yasiyo na chumvi hata punje, ndiye ananifundisha kutu ya bahari.

Nikafungua vibao vya mpini, nikachukua siki nyeupe ambayo Mama Rahma anatengenezea achari, nikatumbukiza bastola nzima, nikajiegesha kwenye kochi dakika tano.

Nimeamka baada ya masaa sita.

Kutu imetoka, sikatai. Ila na ule weusi wote umetoka. Bastola imebaki ya kijivu, uchi wa mnyama, kama kuku aliyenyonyolewa. Baadaye ndio nikaja kujua kwamba ule weusi si rangi ya kupaka, nao ni kutu, ila kutu nzuri, nyeusi, inayoshikana na chuma na kushika mafuta, na siki haina macho ya kuchagua, inakula zote. Nikaisuuza, nikaiweka mezani, nikaenda kuswaki. Narudi, imeanza tena kuwa ya chungwa mbele ya macho yangu!

Nikampigia mzee mmoja tunafanya naye kazi stoo, anajua sana mambo haya. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema hiyo kutu mpya ni laini, chemsha bastola kwenye maji safi nusu saa hivi, wekundu utageuka mweusi, kisha sugua taratibu kwa stilwaya ile laini kabisa, upake mafuta. Nikadhani ananitania, kumbe ni njia ya zamani na inafanya kazi. Ila sufuria ya kuienea ilikuwa moja tu, ya ugali.

Saa moja na nusu asubuhi maji yanatokota, mimi nimeshika mwiko, mlango unafunguka. Mama Rahma katoka kazini na njaa yake.

"Leo umepika? Nini hicho?"

Ulimi ukagoma. Akafunua kifuniko. Akaangalia muda mrefu, mvuke unampiga usoni.

"Risasi zimo?"

"Hazimo."

Akafunika. Akapunguza moto. Akavuta kiti akakaa, akavua viatu vya kazi kimoja kimoja, ndio akaniuliza: "Na mboga yake nini?"

Niliyaeleza yote, mpaka ndala. Weusi ulirudi kweli, ila kwa madoadoa, imekuwa kama chui mwenye upele. Fundi wa silaha kaifungua yote, katoa chumvi iliyobaki ndani kwenye springi, akanitoza hela inayokaribia niliyoinunulia, na akaniuliza kwa nini inanuka achari.

Siku hizi lidude linakaa kwenye sefu na namba za sefu anazo Mama Rahma. Sufuria nilinunua mpya, ila ile ya zamani hakuitupa. Kaitundika ukutani jikoni, na wageni wakija wakiuliza mbona hiyo haitumiki, ananigeukia mimi.